Injini Iliyomeza Maneno

Jumanne asubuhi Dobi alisimama gereji na furushi la mashuka begani, akimtazama fundi anavyoinua boneti. Mashuka yalikuwa ya nyumba ya wageni, yamepigwa pasi yakanyooka, na yalitakiwa kabla ya saa sita. Gari lake lilikuwa limevutwa kwa kamba mpaka pale. Lilichemsha Jumapili, mikononi mwa mdogo wake wa mwisho, jitu zima na ndevu zake, ambalo mtaa mzima unaliita Bosi kwa sababu halijawahi kuajiriwa na mtu.

Bosi alishajieleza. Aliliegesha vizuri tu kivulini, kugeuka, moshi huo! "Limejichemkia lenyewe, dada. Magari ya siku hizi yana visa." Mama yao naye akaapa kwamba mtoto hana kosa, ingawa kwa maelezo yake mwenyewe Jumapili nzima alishinda kitandani akiuguza magoti yake.

Dobi hakutaka makubwa. Alitaka siku moja, ndani ya nyumba ile, mtu afungue kinywa aseme "ni mimi." Tangu baba yao afariki, paa likivuja ni Dobi, Bosi akioa ni Dobi, Bosi akiachika ni Dobi vilevile, na neno hilo hajalisikia hata kwa bahati mbaya.

Fundi alilegeza nati za hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, moja moja. Hedi ilipoachia, mvuke ulitoka fyuuu, na sauti ya Bosi ikatoka nao.

"Mama, taa nyekundu imewaka."

Fundi akafuta mikono kwa tambara. "Imechemka mpaka ikameza maneno," alisema. "Injini yenye maji haishiki kitu. Maji yakikauka kabisa, linalosemwa ndani ya gari linaungulia kwenye chuma. Na nyie mna nafuu, dada. Juzi nilifungua ya mwalimu mkuu mmoja, tukaifunga mbio mbio."

Akabandua gasketi iliyokuwa chini yake kwa bisibisi. Mvuke wa pili ulikuwa mwembamba zaidi, na ulikuwa sauti ya Mama, anaongea huku anatafuna kitu.

"Wewe endesha tu, mwanangu. Dada yako atatengeneza."

Dobi akaliweka furushi chini. Ilimuuma, tena ilimuuma sana kwa vile Mama hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema kesho Jumatatu.

"Sasa tufanyeje?" fundi aliuliza. "Hedi imepinda. Naweza kuipeleka ikachongwa, tuweke gasketi mpya, na injini ikawa nzima ukiitazama maji. Ila hizo sauti hazitoki, zitakuwa zinasema kila ukiwasha. Au tuitupe, nikufungie nyingine ya mtumba. Ninayo pale." Akaionyesha kwa kidevu. Injini ya mtumba ilikuwa juu ya matairi, imefunikwa turubai. Dobi alipoiinamia alisikia mwanamume asiyemjua akimbembeleza mtu kwenye simu, anamwita asali.

"Hiyo nayo ilichemka?"

"Kidogo tu," alisema fundi.

Adhuhuri, baada ya kupeleka mashuka kwa miguu, Dobi alimkuta Mama sebuleni anachambua mchele, na Bosi amelala kwenye kochi kubwa.

"Mama, injini imewataja."

"Injini nayo inajua nini?"

"Inaijua sauti yako."

Mama akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa. "Basi weka nyingine. Ya nini kutembea na kitu kinachopayuka?"

"Na nyingine inakuwa na nguvu, dada," Bosi alisema bila kufumbua macho. "Hii hata mlima mdogo ilikuwa inalia."

Injini nyingine ingemeza akiba yote ya chumba ambacho Dobi alikuwa anataka kuhamia, chumba chenye mlango wake na ufunguo wake. Hakuna aliyelitaja hilo, ingawa wote walilijua. Mara akarudi gereji, hata maji hakunywa.

"Tengeneza hiyohiyo," alimwambia fundi.

"Na sauti?"

"Sauti ndizo ninazozitaka. Wapande, wasikie."

Fundi alikuwa mtu wa kazi yake. Hedi ikachongwa, gasketi ikawekwa, nati zikakazwa. Jumamosi gari likarudi nyumbani linanguruma kwa adabu. Dobi akajaza maji kwenye rejeta mpaka juu, akawaita wote wawili. Mama akakaa mbele, Bosi akajimwaga nyuma. Dobi akageuza ufunguo.

"Mama, taa nyekundu imewaka," ilisema injini.

"Wewe endesha tu, mwanangu. Dada yako atatengeneza."

Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliisikia sauti hiyo, akadhani ni Mama mwenyewe, akamwamkia, akaendelea kuanika.

Mama alikuwa amesikiliza mpaka mwisho, kichwa upande. Akajifunga mtandio vizuri, na uso wake ukachanua.

"Haya! Nilisema uongo?" aliuliza. "Si umetengeneza?"

"Mama hakosei," Bosi alisema kutoka nyuma, na mkono wake ukaja kati ya viti, kiganja juu. "Dada, kesho nitalihitaji mara moja. Naliegesha kivulini."

Dobi aliutazama ule mkono. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema maneno ambayo alikuwa ameyabeba miaka.

"Mimi nimechoka, Mama. Mmenichosha nyie."

"Twende basi, jua linakuwa kali," alisema Mama.

Injini ilinguruma vizuri, mshale wa joto umetulia katikati. Rejeta ilikuwa imejaa maji mpaka shingoni, alijaza Dobi kwa mkono wake, kwa hiyo aliyoyasema yeye hayakushikwa popote.