Chokoleti Isiyo na Maziwa

Huko ughaibuni, mjini Saint Paul, Bi Kuluthumu alikuwa hanunui kitu cha pakiti mpaka aone alama ya kosha, ya chakula kinachoruhusiwa na dini ya Kiyahudi. Wayahudi nao, kama Waislamu, hawali nguruwe. Kwa mama wa Mombasa asiyejua Kiingereza cha kusoma, hiyo ilimpunguzia nusu ya kazi. Tena mjukuu wake Zamzam, wa miaka sita, hakupatana na maziwa. Hata tone humvimbisha.

Mzee Solomon, mwenye duka, ndiye aliyemfundisha. Wayahudi hawachanganyi nyama na maziwa, kwa hiyo pakiti husema. Penye herufi D pana maziwa. Penye neno pareve hamna maziwa wala nyama.

Jumapili moja Bi Kuluthumu alichagua chokoleti nyeusi ya pareve. Mzee Solomon akaongeza maneno, kidole kikizunguka hewani kama gurudumu la mashine. Bi Kuluthumu hakuelewa kitu. Nyuma yake watu walikuwa wamepanga foleni, naye akaona haya kuuliza tena.

"Yes, yes," akasema.

Nyumbani akatega kitendawili.

"Mgeni wangu mweupe, jua likimchungulia hulia mpaka akaisha."

"Snow!" Zamzam akaruka.

"Ewaa! Haya, zawadi yako."

Chokoleti haikufika nusu. Midomo ilivimba, koo likaanza kupiga mluzi. Faiza, mama yake, alimchoma sindano ya dharura pajani, huku akipiga simu kuita ambulansi.

Hospitalini daktari alieleza, Faiza akatafsiri: mashine iliyotengeneza chokoleti ile ilikuwa imepitisha ya maziwa kabla. Alama ya dini hutazama sheria ya dini. Haikuwekwa kwa ajili ya mtoto kama huyu.

Kile kidole kikamrudia Bi Kuluthumu machoni.

"Mzee Solomon aliniambia, mwanangu."

"Nawe ukamjibuje, Mama?"

"Nilisema yes."

Faiza hakumgombeza. Heri angemgombeza.

Zamzam alipona. Wiki iliyofuata Bi Kuluthumu alichemsha viazi vitamu, maji na chumvi tu, akamletea vikifuka moshi.

"Mommy ame-check, Bibi?"

"Ni kiazi, mjukuu wangu. Nimekimenya mwenyewe, kwa mikono yangu."

Mtoto akaficha mikono nyuma. Hakuwa na kiburi. Alikuwa anaogopa, na macho yake yalimwomba bibi radhi.

"Basi tumngoje mama," Bi Kuluthumu akasema.

Faiza hutoka kazini, mji wa Plymouth, saa kumi na moja jioni. Bibi na mjukuu wakakaa wakivitazama viazi vikipoa.