Viatu vya Zamu ya Pili

Nakutegea, wewe uliyekaa hapo: waliingia themanini wakitembea, wakatoka sita, na hakuna aliyekufa, aliyepotea wala aliyeruka dirisha. Ni nini?

Umeshindwa. Nipe mji. Unanipa Linden Fork, kule Iowa kwenye mahindi na nguruwe? Ahsante, nimeupokea. Nimekwenda Linden Fork, nikakuta theluji imefika madirishani, nikapewa kahawa nikanywa, nikaambiwa jibu. Ni mkutano wa kata, wa kumpata atakayepeperusha bendera ya chama kwenye urais. Watu themanini wanasimama kwenye kona za ukumbi, kila kona na mgombea wake. Wanahesabiwa, kisha hesabu yao inageuzwa kuwa wajumbe sita. Kura ya siri hakuna. Unamchagua mtu kwa kwenda kusimama upande wake. Na kona isiyofikisha watu kumi na wawili, yaani kumi na tano katika kila mia, haipati mjumbe hata mmoja. Watu wake wanaambiwa watafute kona nyingine au waende zao nyumbani.

Basi jioni ile ya Januari Ardith Kolarik alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule, kona iliyo karibu na rafu ya mipira, akiwahesabu watu wake kwa kidole. Ardith aliwahi kuwapikia watoto wa shule ile ile kwa miaka mingi, na kuhesabu vichwa alikuzoea. Walikuwa kumi na mmoja pamoja na yeye. Akaanza upya kutoka upande wa pili, kwa sababu mtu huweza kuongezeka. Kumi na mmoja.

Kona yake ilikuwa ya Gavana Haldorsen, mzee mrefu wa jimbo dogo la kaskazini, asiye na fedha wala sauti nzuri. Mwaka uliotangulia alipita Linden Fork akanywa kahawa jikoni kwa Ardith. Akamkuta Delmar, mume wa Ardith, ambaye anafanya kazi kiwanda cha nguruwe, na ambaye vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilibaki huko kiwandani. Wagombea wengine walipouona ule mkono walitazama dirishani. Haldorsen aliomba aelezwe. Delmar si msemaji, lakini alimweleza: mnyororo unaoning'iniza nyama unakwenda mbio kuliko kisu cha binadamu. Tangu siku hiyo, kila alikokwenda, Haldorsen alisema akiwa rais mnyororo ule utapunguzwa mwendo kwa sheria. Hakuna mwingine aliyesema hivyo.

Akamwambia Ardith pia, "Mama, Iowa ndiyo mlango, maana ndiyo inayoulizwa kwanza. Nikiupita hata kwa ubavu, nitaendelea. Nisipoupita, wiki hiyo hiyo narudi kwangu."

Ardith alitaka apite kwa ubavu. Hilo tu. Delmar alikuwa amebakiwa na vidole vinane, na Ardith alivipenda vyote.

Shida ilikuwa saa. Mkutano unaanza saa moja jioni, milango inafungwa, na anayehesabiwa ni aliye ndani. Zamu ya pili kiwandani inaanza saa tisa alasiri na kwisha usiku wa manane. Ardith alikuwa amekwenda kumwona meneja, kuwaombea watu wa zamu ruhusa ya kutoka kidogo. Meneja alimsikiliza vizuri, akampa kalenda ya kiwanda yenye picha ya nguruwe, akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Ardith, shoga yangu!" Alikuwa jirani yake, Jolene Behrends, akiita kutoka kona iliyojaa kuliko zote, ya seneta yule ambaye televisheni haikuchoka kumwonyesha. "Umepungukiwa na mmoja! Acha kujitesa, njoo kwetu. Nimeleta keki za maboga."

"Keki zako nazijua, Jolene. Unatia chumvi kama anayekausha samaki."

"Mbona kwenye mazishi ya mjomba wako ulikula tatu?"

"Mfiwa hula chochote."

Ukumbi mzima ukacheka, hata kona ya tatu ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Gaylen Pruitt, mwenye duka la dawa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Akatazama saa ya ukutani, akaenda kufunga milango. Hapo ndipo viatu vilipoingia.

Viliingia jozi moja moja, bila kusukumana, kila kimoja kikijipangusa theluji kwenye zulia la mlangoni. Vilikuwa viatu ambavyo watu wa zamu ya pili huviacha makabatini wanapovaa mabuti ya mpira ya kiwandani. Mbele zilitangulia buti za ngozi zenye ncha za Efraín Tzoc, anayekata mbavu. Zikafuata raba nyeupe za Nyakuoth Gatluak, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyeapa uraia kiangazi kilichopita. Kisha za wengine, jozi arobaini na kitu. Jozi ya mwisho ilikuwa ya Delmar, rangi ya kahawia, kiatu cha kushoto kimelalia upande. Gaylen aliushikilia mlango mpaka hiyo nayo ikapita, maana alilelewa vizuri.

Vikakata ukumbi kuelekea kwenye rafu ya mipira, vikajipanga nyuma ya Ardith. Bwana mmoja akasogeza kiti chake ili vipate nafasi. Mke wake akaona raba za Nyakuoth zimelowa, akazisukuma taratibu karibu na bomba la joto.

"Sasa tumetosha," Ardith akasema. "Hesabu, Gaylen."

Gaylen akakuna shingo. "Ardith, kanuni inasema nihesabu vichwa. Hivi ni vya miguuni."

"Hata miguu yenyewe haimo," Jolene akasema. "Ni maganda."

"Maganda yametembea maili mbili kwenye theluji. Wewe umeletwa na gari lenye kiti kinachopashwa joto."

"Sikatai, mwenzangu. Lakini vinamsimamia nani? Pengine vimefuata joto tu. Mwenyekiti, viulize."

Gaylen akainama, mikono magotini, akauliza kwa sauti ya kikao: "Viatu, mnamsimamia nani?"

Viatu vikanyamaza. Akauliza tena, safari hii akivitazama vya Delmar, maana yeye ndiye aliyemuuzia Delmar dawa ya maumivu majira yote ya baridi. Kamba ya kiatu cha kulia ilicheza kidogo, ikatulia. Swali likabaki pale pale sakafuni, watu wakilizunguka.

Basi Gaylen akapiga simu makao makuu ya chama, akafungua sauti ili wote wasikie. Binti aliyepokea alikuwa na haraka.

"Vinapumua?"

"Hapana, dada."

"Vimejiandikisha mlangoni?"

"Havina mikono."

"Wenyewe wako wapi?"

"Kazini."

"Basi vipeni heshima yake, kaka, ila msivihesabu. Si wewe wa kwanza kuniuliza leo. Kuna kata wamefikiwa na makoti ya wauguzi."

"Nayo wameyafanyaje?"

"Wameyatundika."

Gaylen akashukuru, akakata simu. Akaandika ubaoni: Haldorsen, kumi na mmoja. Akapiga mstari juu yake.

Ardith aliwashika mikono wenzake kumi, mmoja baada ya mwingine, akiwashukuru kwa kutoka nyumbani na baridi ile. Kisha wakatawanyika, kama kanuni inavyotaka. Watatu walikwenda kona ya tatu. Saba walikwenda kwa Jolene, wakapokewa kwa keki na vigelegele. Gaylen alipopiga hesabu, kona ya Jolene ilistahili wajumbe watatu na nusu na chembe, na nusu ikizidi huitwa mtu mzima, kwa hiyo ikapata wanne. Hivyo kanuni ile ile iliyokosa kuziona jozi arobaini za viatu iliiona nusu ya mtu, ikampa na kichwa. Hakuna aliyepinga. Hesabu ilikuwa sahihi.

Ardith hakwenda kona yoyote. Alichukua karatasi za kufutia mikono kutoka meza ya kahawa, akapiga magoti kwenye mbao za ukumbi, akaanza kupangusa viatu. Barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hula ngozi.

"Ahsante, Efraín," alisema, akaziweka pembeni. "Ahsante, Nyakuoth. Umetembea vizuri."

Baada ya muda akaona magoti mengine yameshuka kando yake. Jolene alikuwa ameleta karatasi zaidi.

"Sogea," Jolene akasema. "Peke yako utamaliza lini?"

"Havikufuata joto, Jolene."

"Nilisema pengine." Akachukua kiatu kikubwa cha mtu asiyemjua, akakipulizia pumzi, akakisugua. "Huyu naye kisigino kimeisha. Mkewe haoni?"

Walipangusa vyote. Gaylen alikuwa bado anapiga namba ya kupeleka matokeo ya kata yao wakati televisheni ya chumba cha kulia ilipomtangaza seneta kuwa ameshinda Iowa. Alimaliza kupiga namba hata hivyo, akapeleka wajumbe wake sita, akaambiwa ahsante. Viatu vikaondoka kama vilivyokuja, vya Delmar nyuma, ili viwe makabatini zamu itakapokwisha.

Baadaye watu wa Linden Fork walipopigiana simu na jamaa zao wa kata nyingine, ilionekana Haldorsen alikuwa wa tatu kwa wale waliosimama mara ya kwanza, kabla ya kona kuvunjwa. Lakini waliosimama mara ya kwanza hawakutangazwa. Walitangazwa wajumbe, na kwa wajumbe alikuwa wa tano. Magazeti yaliandika majina matatu, kwa kuwa ukurasa wa mbele una nafasi ya picha tatu. Waliokuwa wakimchangia Haldorsen wakarudisha mikono mifukoni. Katika majimbo makubwa, yenye mamilioni ya wapigakura ambao hawajawahi kuiona Linden Fork, zamu ya kuulizwa ilipofika alikuwa ameshajitoa.

Alipita kuaga Alhamisi ya wiki ile ile, mchana, akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Ardith alikuwa ametoa jikoni kolache, mikate midogo yenye plamu katikati, bado ina moto. Haldorsen akala miwili akiwa amesimama, akaomba wa tatu.

"Sikuja kulalamika, mama," akasema. "Nimekuja kushukuru. Mimi nimezunguka kaunti zote hizi, na watu wameniachia viti vyao vya jikoni kama vile mimi ni mtoto wao aliyerudi. Ningeshinda nisingepata muda wa kulisema."

"Nasi ahsante kwako," Ardith akasema. "Uliuliza habari za mkono."

"Sikuufanyia lolote."

"Uliuliza."

Haldorsen akatafuna. Kisha akaomba kuviona viatu. Vilikuwa mlangoni juu ya gazeti, vimekauka, na Delmar alikuwa ameketi kwenye ngazi akivivaa, kwa sababu saa tisa ilikuwa inakaribia. Wiki ile kiwanda kilikuwa kimeongeza mwendo wa mnyororo kidogo, kwa ajili ya oda za Pasaka. Haldorsen akavua kofia mbele ya viatu.

"Gaylen ameniambia aliviuliza mara mbili vinamsimamia nani," akasema. "Nami nimejiuliza njia nzima. Nisamehe, bwana Kolarik, ni mtu mzima nauliza jambo la kitoto. Vilinisimamia mimi?"

Delmar alikuwa akifunga kamba ya kulia. Kwa vidole vinane kazi hiyo ina taratibu zake, na hakupenda kuikatiza. Akakaza fundo, akalijaribu, akasimama, akachukua kopo lake la chakula kutoka kwa mkewe.

"Vilimsimamia Ardith," akasema. "Alikuwa amepungukiwa na mtu mmoja."