Ratiba ya Kitu Kisichojulikana

Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, meneja alimaliza kubandika ratiba ya mradi ukutani. Ilikuwa na hatua zote za kutengeneza programu ya kompyuta. Programu ya kufanya nini, hilo lilikuwa bado halijaamuliwa.

Ratiba haikusubiri. Siku ya "Kupunguza", mhasibu aliingia ofisini kimo kimepungua, viatu vinampwaya. Akaletewa mto wa kukalia. Siku ya "Kuunganisha", wachoraji wawili walifika wameungana begani, wakigombania nani avae mkono upi wa shati. Seremala akaitwa, akawapanulia kiti.

Mwandishi wa programu, mwanamke mwenye mdomo wake, hakushangaa. Aliogopa. Hatua iliyofuata ilikuwa "Kufuta", na kamba hukatikia pembamba. Mgeni kuliko wote pale alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na ni yeye dada mtu aliyemwombea kazi.

"Bosi, tuamue tunatengeneza nini," alisema. "Chochote, hata programu ya kuagizia mikate. Ratiba ikipata kitu cha kufuta, itatuacha sisi."

"Dada, usituletee mambo ya mwisho mwanzoni. Tumalize ratiba, ndipo tuamue."

"Basi hiyo hatua iondoe."

"Mteja ameshaiona. Ameipenda sana."

Akarudi mezani. Asubuhi ya "Kufuta" akamnong'oneza mdogo wake: "Nenda nyumbani. Sema unaumwa."

"Dada nawe! Nikikosekana leo si ndiyo watanifuta kweli?"

Akacheka, akaendelea kuchapa kwa mkono mmoja. Wa pili dada yake aliushika chini ya meza, kwa nguvu. Hakuuachia hata alipoletewa chakula. Mchana akaona vidole vyake vimefumba, ndani hamna kitu. Mhudumu akachukua kikombe cha pili, akapangusa meza.

Dada alimpigia mama yao. "Mama, leo nakuja peke yangu."

"Kwani huwa unakuja na nani, mwanangu?"

Jioni meneja alipita akipiga makofi. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, hakuna siku iliyopotea. Akakitazama kile kiti kitupu.

"Hapa pana nafasi. Huna ndugu anayetafuta kazi?"

Alifikiri kidogo. Akajibu kwamba yeye ni mtoto wa pekee, na hakuelewa kwa nini mkono wake hautaki kufumbuka.