Mkono wa Kushoto

Mama Camille alinitupia mezani daftari la bintiye. Lilikuwa jeupe vilevile kama lilivyotoka dukani.

"Madame, mwezi muzima mutoto iko nacheza tu! Kucheza ni masomo gani?"

Nilimweleza kwamba Camille anapanga vifuniko vya chupa kwa rangi na kuvihesabu hadi ishirini bila kukosea. Ng'o! Mkurugenzi wa chekechea yetu naye akaniambia wazi kwamba hapa Shituru wazazi wanataka kuona wino.

Basi nikafanya ujinga wangu. Watoto wakicheza, mimi hujibana kwenye kiti chao kidogo na kuwajazia madaftari, yote thelathini. A, a, a, kwa mkono wa kushoto, ili herufi zipinde kama za mtoto.

Jana Mama Camille alirudi akicheka. "Sasa ndiyo masomo, Madame! Mutuongezee paje mbili kila siku." Nikaziongeza kurasa hizo mbili, kwa kila daftari.

Leo Camille aliacha vifuniko vyake, akasimama kando yangu. Aliutazama mkono wangu ukiandika a, a, a, kisha akanong'ona kwa huruma:

"Madame, balikupatia azabu? Ulifanya nini?"