Nusu Iliyokwenda Mlalo

Asubuhi hiyo Dorkasi alikuwa akipima mvuke wa maji. Kazi yake, katika maabara ya chuo kimoja hapo Lushoto, ilikuwa kuzipiga molekuli ndogo kwa elektroni na kuhesabu ayoni hasi zinazotokea. Molekuli humeza elektroni, hushindwa kuihimili, hupasuka. Kipande kimoja, ndiyo ayoni, huondoka na chaji, kingine huenda zake kitupu.

Mkuu wa maabara, Dokta Severin, alipoingia, Dorkasi alimwomba tena ruhusa ya kwenda Mlalo. Mama yake alikuwa mgonjwa huko, hakuweza hata kujigeuza kitandani.

"Wiki hii tuna wageni," alisema Severin. "Tena wewe ndiye utakayewapikia chai."

Ilikuwa chai tu. Dorkasi akapasuka.

Ulisikika mlio mdogo, kama kifungo kinachong'oka, na wakawa Dorkasi wawili. Severin aliwasogeza karibu na mashine, mmoja mmoja. Kwa wa kwanza, mshale ulilala upande wa hasi.

"Huyu ndiye mwenye chaji," alisema. "Wewe mwingine unaweza kwenda."

Yule mwingine akapanda basi la Mlalo. Hakuna kilichomgusa, hata vumbi. Aliyebaki aligandwa na kila kitu: karatasi, nyuzi za sweta, majani ya chai, kazi za wenzake.

Jioni simu ikaita. Alikuwa yeye mwenyewe.

"Mama anakusalimu."

"Umemgeuza?"

"Nimejaribu. Mikono inampapasa tu, haina nguvu. Amegeuzwa na jirani, mama Beatha."

"Anasemaje?"

"Amefurahi nimefika. Ila anauliza, yule mwenye mikono atakuja lini?"

Kesho yake Dorkasi alikwenda ofisini kwa Severin, karatasi zikimning'inia mabegani.

"Shikamoo, Dokta. Naomba ruhusa niende kwa mama."

"Marahaba. Lakini Dorkasi, si uko Mlalo tayari?" alisema Severin kwa upole. "Nitampaje mtu ruhusa ya kwenda mahali alipo?"

Dorkasi alirudi kwenye mashine, akawasha pampu, akalia. Machozi nayo yalimganda mashavuni, yakakataa kudondoka.

Mwezi uliofuata Yohane, mlinzi wa getini, alifiwa na mjomba wake huko Soni, akaomba ruhusa ya kwenda kuzika. Safari hii Severin hakukataa. Alimwongezea zamu, akasubiri ule mlio wa kifungo.