Chaza wa Bwana Muhuri

Fundi wa maabara alipofika ofisi ya ukaguzi saa mbili asubuhi, alimkuta mama yake ameshashika foleni, ndoo ya chaza miguuni. Ghuba yao ilikuwa imefungwa kwa wiki ya sita sasa, kwa hofu ya sumu kwenye chaza. Sampuli zilipelekwa maabara kuu, majibu yakarudi yamepitwa na mwezi, afisa wa ukaguzi akasema yamechacha, tuanze upya. Wanawake walioishi kwa kuokota chaza sasa walifua nguo za watu.

Zamani mama hakuhitaji maabara. Alisugua nyama ya chaza mdomoni akangoja. Akihisi ganzi, ndoo nzima inamwagwa. Miaka thelathini ya kupima hivyo ilimwachia mdomo wa chini usiojua chai ya moto wala ya baridi. Ni mdomo huo uliomfanya binti yake, fundi huyo, atengeneze kifaa chake: kijisanduku cha kushika kiganjani, chenye kibamba cha dhahabu kilichobandikwa nyuzi za vinasaba. Sumu ikiwepo, nyuzi hujikunja kuishika, mkondo wa umeme hubadilika, namba kwenye kioo chake hupanda. Siku kilipofanya kazi alilia, wala hakuona haya.

Afisa, ambaye wanawake walimbatiza Bwana Muhuri, alikigeuzageuza kifaa alicholetewa asubuhi hiyo kama anayeuziwa redio mbovu. Akasema ghuba haifunguliwi kwa kichezeo cha mwosha chupa wa maabara. Lakini foleni ilikuwa inamtazama, naye akataka kumkomesha binti hadharani. Akaleta bakuli la chakula chake cha mchana: chaza wa kampuni kubwa, aliowapigia muhuri jana kwa mkono wake. Hawa ni safi, akasema. Kifaa kikitoa jibu jingine, kiende kikachezewe nyumbani.

Fundi akapima chaza wa ndooni kwanza. Namba haikutikisika. Akapima wa bakulini, ikapanda mpaka taa nyekundu ikawaka. Alibadilisha kibamba, akarudia mara mbili zaidi. Jibu lilikuwa lile lile.

"Kimeharibika hicho," afisa akasema. "Hawa nimewachemsha mwenyewe, saa nzima."

"Sumu hii haiogopi moto, bwana. Hilo hata waokota chaza wanalijua."

Mama alipasua chaza mmoja wa ndooni, akamla, akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akasukuma bakuli taratibu mpaka likagusa tumbo la afisa.

"Karibu, mwanangu. Chakula chako kinapoa."

Bwana Muhuri alitazama bakuli, akatazama taa nyekundu. Akameza mate, na mate tu.

"Mkuki kwa nguruwe," mtu akanong'ona nyuma, na foleni yote ikaangua kicheko.

Fomu ya kufungua ghuba ilikuwa mezani tangu wiki ya kwanza. Afisa akaipiga muhuri. Muhuri ukatoka umepinda. Mama akasema si neno, uliopinda nao unasomeka. Wanawake walikuwa wameshaanza kubeba ndoo zao.

Fundi hakuondoka. Alichukua fomu nyingine, ya kufunga, akaandika jina la kampuni kwa herufi kubwa, akaiweka chini ya mkono wa afisa uliokuwa bado umeshika muhuri.

"Na hii, bwana," akasema. "Wino haujakauka."