Vigingi vya Mtani

Tekla alikuwa juu ya dungu la kulindia shamba tangu alfajiri, kombeo mkononi, ndoo ya madonge ya udongo miguuni, akiwasubiri kwelea kwelea. Walikuja kama kawaida yao, wingu zima kutoka upande wa mto, wakaushukia mpunga. Kabla hajazungusha kombeo, babu yake Dionisi alicheka. Kilikuwa kicheko chake kilekile: kilianza na kikohozi, kikapanda, halafu kikamalizikia kwenye kofi la paja. Ndege wote wakanyanyuka, wakaenda zao. Babu Dionisi alikuwa amezikwa kabla ya mvua za kupandia.

Saa ya uji Tekla alimweleza bibi yake, Agnella.

"Amechelewa," bibi alisema. "Wiki nzima ndege wanakula, yeye alikuwa wapi? Mpelekee togwa, asije akasema tunamnyima."

Tekla aliacha kibuyu cha togwa chini ya dungu. Jioni alikikuta kitupu, kimeoshwa. Bibi alikigeuzageuza kwa muda mrefu, maana katika ndoa yao yote mzee yule hakuwahi kuosha chombo.

Kijiji kizima cha Mofu kilikijua kicheko hicho. Dionisi alicheza ngoma kwenye harusi alizoalikwa na asizoalikwa. Ng'ombe wa mfugaji Nkwabi wakipita aliwaamkia shikamoo, kwa maelezo kwamba wametembea kuliko yeye. Kanisani walimpa benchi la mlangoni ili akishindwa kujizuia atoke haraka. Tekla alimpenda kuliko mtu yeyote, na tangu azikwe, nyumba ilikuwa kimya hadi alitamani kuikimbia.

Kwa hiyo hata msibani utani ulikuwa mkubwa, kama alivyostahili. Valeriani, mtani wa ukoo na jirani wa shamba, alivaa koti na kofia ya marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akajilaza kando ya kaburi akidai apishwe. Ndiyo kazi ya mtani, na mtani hakasirikiwi. Kisha akabeba vigingi, akaenda shambani na waombolezaji nyuma yake, akavipigilia katikati ya majaruba ya mpunga.

"Kuanzia hapa hadi mfereji ni kwangu! Huyu mwizi amekula kambale wangu miaka yote!"

Watu walicheka hadi machozi. Bibi Agnella aliwashinda wote. Hakuwa amecheka tangu afiwe, na hakucheka tena baada ya hapo.

Mvua zilipoanza, Valeriani alikuja na pawatila, katrekta ka kusukuma kwa mikono, akalima upande wake wa vigingi. Waliofiwa wakatabasamu, wakangoja amalize utani. Akapandikiza miche. Hapo ndipo tabasamu lilipowaisha. Kipande kile ndicho kilichoshika maji hadi mwisho wa msimu, na ndicho kilichomlisha bibi mwaka mzima. Wazee wa usuluhishi walisikiliza pande zote, wakauliza swali moja tu: siku ile, mlicheka au hamkucheka?

"Tulicheka," bibi alijibu, kwa sababu hakuwa mwongo.

"Sasa, mama, umecheka mbele ya msiba mzima, na aliyecheka amekubali. Sisi tuseme nini?"

Kicheko cha babu hakikuvitambua vigingi. Kiliamia majaruba ya bibi, kikifukuza ndege, kikaamia na yale aliyolima Valeriani, hadi kwenye mfereji, na hapo kikakoma. Ng'ambo ya mfereji, kwenye shamba la Valeriani mwenyewe, kwelea kwelea walikula hadi yakabaki mabua. Aliyepita njiani aliona wazi shamba la Dionisi linaishia wapi. Watu walipita, wakaona, wakasema, "Kweli, ni la Dionisi," wakaendelea na safari zao.

Tekla hasira zilimpanda. "Babu, upande ule usiucheke! Waache ndege wale!"

Babu alicheka mpaka dungu likatikisika.

Valeriani akavuna. Alipitisha magunia mbele ya nyumba yao, kofia ya marehemu kichwani, akasalimia kila mtu vizuri. Tekla aliingia ndani akalia kwa uchungu. Bibi alimwacha amalize.

"Mtani wa Valeriani ni nani?" bibi aliuliza.

"Sisi."

"Siku akifa, nani atavaa koti lake?"

Tekla alifuta machozi. "Babu hayupo. Basi ni mimi."

"Haya. Na kofia yetu uirudishe."

Jioni Tekla aliketi uani na panga, akichonga vigingi kwa mti mgumu, ule usioliwa na mchwa. Valeriani akapita akirudi kwake.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Unachonga nini?"

"Vigingi. Kifua kinaendeleaje?"

Valeriani alilitazama lile rundo, akakitazama kile alichokuwa nacho Tekla mkononi, akaivuta kofia chini kidogo. "Kifua kizima, namshukuru Mungu."

"Mungu akutunze."

Alikuwa mzima kweli, na katika ukoo wake watu huishi sana. Tekla akachukua mti mwingine. Kutoka bondeni, ambako mpunga ulishavunwa na hakukuwa na ndege wa kufukuza, kilisikika kikohozi, kisha kicheko kikapanda. Na ndani ya nyumba, kwa mara ya kwanza tangu msibani, bibi Agnella akacheka naye.